Kenchi ya Tano

"Shika hapo hapo," Ndalahwa alisema kutoka juu ya ukuta, misumari ikiwa katikati ya meno. "Usilegeze kamba."

"Sijalegeza," mkewe alijibu kutoka chini. "Wewe ndiye unayeyumba."

Kweli alikuwa anayumba. Alisimama juu ya ukuta usiozidi upana wa unyayo wake, amekumbatia kenchi ya tano, fremu ya mbao ya kubeba paa, kama mtu anayemzuia mlevi asitoke nje. Nyundo ilining'inia kiunoni. Ili apige msumari ilimpasa aachie mkono mmoja, na kila alipoachia, kenchi iliinama kuelekea nje na kumvuta nayo. Chini, Perpetua alikuwa ameizungusha kamba kiunoni mwake na kujiegemeza nyuma kwa uzito wote aliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi. Upepo ulikuwa unakuja kutoka upande wa ziwa, wa baridi, na ulinuka udongo uliokwisha kulowa mahali pengine.

Matofali mabichi hayana ugomvi na jua, wala na mbuzi wanaojikuna. Adui yao ni mmoja tu, maji. Ndalahwa aliyafyatua mwenyewe kiangazi chote, akayapanga mwenyewe, akainua vyumba viwili na sebule kwenye ardhi ya baba yake hapa Nkoma. Kuni za kuyachoma hakupata. Mvua ikizikuta kuta hizi hazina kitu kichwani, kesho asubuhi zitakuwa tope lile lile alilolichimba, na yeye na mkewe watabaki kwenye kibanda cha nyasi ambacho mchwa wameshakila nusu.

Nyumba ya aina hii hujengwa na watu wengi. Siku ya kupandisha kenchi, jirani hujaa bila kubembelezwa, vijana huimba, mama wa nyumba hupika ugali wa kutosha kijiji. Kwa Ndalahwa hakuja mtu, kwa sababu alikuwa ametengwa.

Ilitokea mwezi wa tisa. Alikuwa anamalizia mstari wa mwisho wa ukuta, tope lingali bichi kwenye karai, aliposikia mwano kutoka kwa jirani yake Bujiku. Yowe hilo likipigwa, hakuna mwenye kazi nyingine. Mwenye fimbo huchukua fimbo, asiye na fimbo hukimbia mikono mitupu. Lakini wiki ile ule ulikuwa mwano wa tatu, na wa pili ulikuwa wa fisi ambaye watu walipomzingira alitingisha mkia, maana alikuwa mbwa. Ndalahwa akajiambia huyu naye ni mbwa. Akaweka tofali moja, na jingine. Alipouona moshi, watu walikuwa wameanza kurudi.

Nyumba ya nyasi ya Bujiku iliungua yote, pamoja na pamba ambayo alikuwa hajaipeleka kuuza. Mama yake mzee alitolewa na watu wengine, amebebwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Na Bujiku, mwenye mpaka mmoja wa shamba na Ndalahwa, aliuliza neno moja tu jioni ile, akimtaja Ndalahwa kwa jina la baba yake: "Ng'wana Ng'washi yuko wapi?"

Sungusungu wakamhukumu Ndalahwa atoe dume la ng'ombe. Mpaka alitoe, asisalimiwe wala asisemeshwe, asipewe moto, asipewe maji wala kupokelewa maji yake, na atakayekiuka atatozwa kama yeye. Dume hakuwa nalo. Maksai wake wawili walikuwa wamekwisha kugeuka mbao na mabati, yamelala uani chini ya turubai.

"Uza mabati, ununue dume," aliambiwa na Anatoli, mzee wa sungusungu aliyesoma hukumu, siku ile ile.

"Nikishaezeka nitalitafuta," alijibu. Wazee hawakupenda jibu hilo. Yeye mwenyewe, akilala, hakulipenda.

Fundi aliitwa kutoka Bariadi, kijana mmoja aitwaye Tumsifu, mtu wa Kilimanjaro asiye na ukoo huku. Alifika asubuhi, akapiga vigingi uani, akaunda kenchi moja safi kabisa. "Hii ndiyo mama," alisema. "Nyingine zote pima kwa hii." Halafu akaenda senta kunywa chai, akaelezwa anamjengea nani. Hakurudi hata kuchukua penseli yake.

Hivyo Ndalahwa akawa fundi wa nyumba yake. Na hapo ndipo alipokosea. Kenchi mama ilikuwa nzito, na uani hapakuwa na nafasi ya kuilaza na kuunda nyingine. Wakiwa wawili tu, kuipandisha, kuishusha, kuipandisha tena ni kazi ya kuvunja migongo. Wakaipandisha mara moja, wakaiacha huko juu. Ya pili aliipima kwa vigingi ambavyo mbuzi walikuwa wameshavikanyaga. Ya tatu akaipima kwa ya pili, ya nne kwa ya tatu, na kila mara msumeno ulipita nje kidogo ya mstari. Jana alipolaza ubao mrefu wa juu ili uzifunge zote pamoja, uligusa ya kwanza na ya nne, ukaziruka za katikati. Aliutazama kwa muda. Akajiambia ya tano ikishasimama ataona la kufanya, kama mtu anavyojiambia akishachoka.

Kwa hiyo kenchi nne zilisimama bila kufungwa, kila moja imeshikizwa na kipande cha ubao na msumari mmoja. Na sasa upepo ulikuwa unazijaribu, moja baada ya nyingine.

Msumari wa kwanza ulilia. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Umesikia?" Perpetua aliuliza.

"Nimesikia."

"Ni ile ya nne."

"Najua ni ya nne."

Ya nne ikianguka ingeiangukia ya tatu, na ya tatu hadi mama, na mbao zote hizo zingeshuka na ukuta. Yeye alikuwa juu ya ukuta huo huo. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa mbele ya mkewe, na kati ya hayo mawili hakujua lipi lilimtetemesha zaidi.

"Shuka, Baba Violeth," Perpetua alisema. Violeth alikuwa binti yao, ameolewa Kalemela. "Iache ianguke. Shuka."

"Nikiiachia inakuangukia wewe."

Perpetua alitazama juu. Ilikuwa kweli. Kamba ilikuwa inaivuta kenchi upande wake. Akilegeza, inakwenda nje na mume wake. Akivuta zaidi, inamjia yeye. Mikono yake ilikuwa na kazi, miguu yake ilikuwa na kazi. Kilichokuwa huru mwilini mwake kilikuwa sauti tu.

"Napiga mwano," alisema.

"Usipige."

"Kwa nini?"

"Ng'wana Mashimba, nimesema usipige."

"Kwa nini?"

Msumari ulilia tena.

"Wasipokuja je?" Ndalahwa alisema.

Hilo ndilo alilokuwa ameliogopa tangu mwezi wa tisa, zaidi ya mvua. Nyumba ikibomoka hujengwa nyingine. Lakini mtu ambaye mwano wake umepigwa mchana, watu wakausikia, wakaendelea na kazi zao, huyo atakaa wapi? Bora asipige, asijue.

Perpetua alimwelewa, kwa sababu waliishi pamoja miaka mingi na hofu hiyo alikuwa nayo pia. Alivuta pumzi. Akauinua uso, akapiga.

Mwano wake ulitoka tumboni, ukapanda, ukakaa juu bila kushuka. Ulipita ua wa minyaa uliozunguka uani, ukapita mashamba yaliyokwisha kulimwa yakisubiri mbegu ya pamba. Akavuta pumzi, akapiga tena. Kamba ilikuwa inamkata kiunoni. Mara ya tatu sauti ilipasuka, naye akaendelea nayo hivyo hivyo ilivyopasuka.

Kisha upepo tu.

"Umeona," Ndalahwa alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa anamlaumu.

Walikuja. Alianza kuona vichwa upande wa barabara, kisha fimbo, kisha Anatoli mwenyewe akikimbia na shati wazi. Walifika kwenye minyaa, wakatazama, wakasimama. Hapakuwa na moto. Hapakuwa na mwizi wala fisi, hata mbwa. Palikuwa na mtu aliyetengwa amekumbatia mbao. Wakapangana kwenye minyaa, wakikwepa macho yake, na hakuna aliyevuka.

Ndalahwa alifumba macho. Aliona kusimama kwao ni kubaya kuliko kutokuja.

Ngazi ya milingoti ilitikisika. Alipofumbua, Bujiku alikuwa anapanda.

"Bujiku," Anatoli aliita kutoka kwenye minyaa. "Hakuna moto wala mwizi. Rudi."

"Mwano umepigwa," Bujiku alisema bila kugeuka.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kovu jipya la moto kuanzia kiwiko hadi kiganja. Alitembea juu ya ukuta hadi kwenye kenchi ya tano, akaikumbatia kutoka upande wa pili. Sasa nyuso zao zilikaribiana kiasi cha kusikilizana pumzi, na kati yao ulikuwepo ubao. Bujiku hakumsalimia. Alitazama ubao. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa msumari mmoja katikati ya midomo ya Ndalahwa, kwa upole ambao Ndalahwa hakuutarajia, akausimamisha kwenye mbao na kungoja.

Ndalahwa akatoa nyundo, akapiga. Kiganja cha Bujiku kilikuwa karibu na pigo, na hakikuondoka.

Kenchi ya tano ilipokamatika, Perpetua alilegeza kamba na kukaa chini hapo hapo alipokuwa amesimama. Lakini ya nne ilikuwa bado inacheza. Ndalahwa akauburuta ubao mrefu wa juu.

"Wewe ubao," Bujiku alisema.

Ndalahwa aligeuka. Bujiku alikuwa anaongea na ubao, macho yake yakiwa juu yake kabisa.

"Wewe ubao, juu huko usiende. Hawa ndugu zako hawalingani. Wamepimwa dada kwa dada, mama yao akaachwa peke yake. Wewe pita ubavuni, mshazari, kutoka kichwani kwa huyu hadi miguuni kwa yule. Ubavuni urefu hauna kesi. Kichwa kitakuja kuchongwa mvua ikipita."

Kwenye minyaa mtu mmoja alikohoa. Huenda kilikuwa kicheko. Hukumu ilikataza kusema na Ndalahwa, haikutaja mbao.

Ndalahwa akaupeleka ubao ubavuni. Walipiga misumari wakifuatana, kenchi hadi kenchi, na kila pigo liliondoa mtikisiko kidogo, mpaka Ndalahwa aliposukuma ya nne kwa bega na ikamkatalia. Alitaka kusema kitu. Bujiku alikuwa ameshashuka hatua mbili, anamnyooshea mkono Perpetua apewe papi, mbao nyembamba za kupigiliwa mabati.

Tone la kwanza liliangukia tofali na kuacha alama nyeusi.

Hapo hawakufanya kazi ya ufundi tena, walifanya kazi ya haraka. Walipiga papi mbili upande wa magharibi, mvua inakotokea, Perpetua akiinua mabati kutoka chini, mikono yake ikivuja damu kwenye makali. Bati la kwanza lilipigwa limepinda. Likaachwa hivyo. La pili, la tatu, hadi mwisho wa ukuta. Kuta nyingine walizitupia turubai na shuka la kuanikia pamba, wakalemeza kwa mawe. Kwenye minyaa watu hawakuondoka. Mvua iliwakuta wamesimama, nao wakaiacha iwanyeshee.

Ndalahwa, Perpetua na Bujiku walijibanza chini ya ule mstari mwembamba wa mabati, migongo ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu. Ndalahwa aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

Perpetua alikimbilia kibandani, akarudi na kata ya maji, kwa sababu mtu aliyefanya kazi kwako hupewa maji na mikono yake ilifanya hivyo kabla hajafikiri. Akapiga goti, akamnyooshea Bujiku kwa mikono miwili. Halafu akaikumbuka hukumu, na kata ikabaki hewani.

Bujiku aliitazama kata. Aliwatazama watu kwenye minyaa, na Anatoli katikati yao, maji yakimchuruzika kidevuni. Kiu ilionekana shingoni mwake. Hakuipokea.

Perpetua alishusha kata polepole, akaiweka chini karibu na miguu yake. Ndalahwa alitazama pembeni, na mvua ikamsaidia kuficha macho.

Mbele yao maji yalikuwa yameanza kushuka kwenye ukingo wa bati, kwanza matone, kisha nyuzi, kisha mstari mmoja usiokatika kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Bujiku aliyaangalia kwa muda. Akasogea hatua moja, bila kutoka kabisa chini ya paa la Ndalahwa. Akaiunganisha mikono yake, ule mzima na ule wenye kovu, akakinga. Ilipojaa akanywa, mbele ya watu wote.

Maji ya bati jipya yana ladha ya chuma. Bujiku alifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akakinga tena.