Kifungo cha Koti la Baba

Mpigapicha alikuwa amemaliza kupiga picha pete mbili za sonara na sasa alikuwa akiifuta lenzi kwa kitambaa laini. Ilikuwa lenzi fupi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, iliyotengenezewa kamera kama yake, zenye kihisi kidogo, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. Haikuweza kuvuta kitu karibu. Aliyetaka kuona zaidi alijisogeza mwenyewe, huku amebana pumzi. Mwanga wa dirishani ulikuwa bado mzuri, akaona asiupoteze. Akalitoa koti la marehemu baba yake kabatini, akalenga kifungo cha juu.

Ndani ya kifungo baba yake alikuwa amekaa sebule hii hii, redio pajani, chini ya lile pazia la maua ya njano alilolishona mama.

"Ukungu mtupu," baba alisema. "Sogea."

Akasogea unywele mmoja. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani huyo jana alikuwa anapimapima kuta?"

"Mnunuzi. Kaka anaiuza nyumba."

"Anaiuzaje? Si niliwaambia wote wawili ni yako? Aliyekuwa ananilisha uji ni yeye?"

Mpigapicha akampigia simu kaka yake. Kaka alipiga picha za harusi, na alifika na kamera yake kubwa shingoni, kama kawaida. Akainama, akachungulia kwenye ile ndogo ya dada yake.

"Shikamoo, baba. Umenawiri."

"Marahaba. Nilisema nini kuhusu nyumba?"

"Ulisema ni ya dada. Nakumbuka hata shati ulilovaa."

"Sasa?"

"Sasa nimeshampa mtu neno langu. Ahadi ni deni, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na ahadi yangu?"

"Ya kwako haina maandishi."

Kaka alitamani kuliona na jiko la zamani, pale mama alipozoea kusimama. Akaichomoa lenzi, akaifunga kwenye kamera yake. Alitarajia kwa kamera kubwa chumba kiongezeke. Kilichoongezeka ni giza, kwenye pembe zote nne za picha.

"Lenzi yako mbovu hii."

"Ni ya kihisi kidogo, kaka. Kwako haienei."

"Mimi na vidogo tangu lini?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Redio ikakatika, akaipiga kofi la ubavuni kama zamani, ikarudi. Ndugu wawili wakaegemeana mabega, wakasikiliza wimbo mpaka mwisho. Kaka akafuta macho, akaaga kwa adabu, akaenda kukutana na mnunuzi.

Mwezi uliofuata mpigapicha alihamia chumba cha kupanga, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Siku mwanga ulipopatikana alilitundika koti, akasogea taratibu. Pazia la njano lilikuwa limeondolewa. Baba alikuwa amesimama, akisukuma kiti chake katikati ya sebule ili kuwapisha wapaka rangi wa mnunuzi.

"Ingia tu, mwanangu," alisema. "Ila usiguse ukuta. Haujakauka."