Tembo Kwenye Diski ya Pili

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mjini Kibiti, nafasi tupu kwenye hifadhi ya Muzdalifa iliongezeka, ingawa hakuna aliyefuta kitu.

Hifadhi hiyo aliiunda mwenyewe nyumbani, kwenye meza anayotengenezea simu: kompyuta ya ubao mmoja, isiyozidi ukubwa wa pakiti ya sigara, na diski mbili za SSD. Diski hizo hazina kinachozunguka ndani, na hutosheka na betri ya sola umeme unapokatika. Alizipanga kwa mtindo wa kioo. Kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili.

Aliiunda kwa ajili ya baba yake, Abubakary, mkulima wa Mloka. Mwaka jana tembo walimaliza shamba lake, na picha za mahindi yaliyokuwapo zikafa pamoja na simu iliyotumbukia mtoni. Bila picha hakupata kifuta jasho, fedha za serikali kwa walioliwa mazao na wanyamapori. Mwaka huu alipiga picha tangu mahindi yanachipua mpaka yanabeba, akamtumia binti yake, kisha akafuta za kwenye simu ili apate nafasi. Wiki iliyopita tembo walikuja tena. Leo afisa wa tathmini angepita hapo Kibiti kuziona, na Abubakary alikuwa amekuja kumsubiri.

Muzdalifa alifungua picha ya kwanza. Badala ya mahindi yanayochipua, ilikuwa na kinyesi na udongo uliokanyagwa. Katika ya pili tembo wanne walikuwa wanamalizia miche. Umeme uliotumiwa na mtambo, uliokuwa wati tano, ulipanda hadi tisa.

“Ni walewale,” alisema Abubakary, akitua kikombe cha chai. “Huyu wa sikio lililochanika namjua. Si uliniambia humu hakiingii kitu?”

“Nilisema maji, baba. Na wezi.”

“Hawa hukuwataja.”

“Sikuwataja.”

Muzdalifa alichomoa diski ya pili, akaifungua peke yake. Kioo kilikuwa kimefanya kazi yake: tembo wanne, sikio lilelile. Alinakili picha kwenye simu. Tembo wakahama nayo. Akazima mtambo wote. Alipouwasha, walikuwa wamesonga mbele picha tatu.

Afisa alifika kwa bodaboda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu, ila wageni wengine wamekutangulia.”

Afisa alipitisha picha moja baada ya nyingine. “Hata kijiji cha Ngorongo tembo wameingia kwenye simu za watu,” alisema. “Lakini mzee wangu, mimi naandika ninachokiona. Hapa naona tembo kwenye shamba tupu. Tembo kwenye shamba tupu hajaharibu kitu.”

“Imebaki moja,” alisema Muzdalifa.

Ilikuwa ya mwisho, aliyoipiga jirani: mahindi yamebeba, na Abubakary ameketi kwenye dungu, kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba. Afisa alifungua kalamu. Tembo wakaingia kutokea kushoto. Abubakary wa kwenye picha alishuka, akaanza kupiga debe la bati kuwafukuza. Picha haina sauti.

“Piga kwa nguvu, we mzee!” Abubakary alimhimiza.

Yule alipiga kwa nguvu.

Afisa alisubiri, kwa sababu utaratibu hauruhusu tathmini tembo wakiwa bado shambani. Walipotoka aliitazama picha kwa makini. Lilikuwa shamba tupu. Akafunika kalamu.