Zamu ya Daktari Kituku

Saadiya alikuwa mzaliwa wa Kaloleni, Voi, aliyesomea wanyamapori akiwa na buibui lake na kichwa kigumu. Mwaka wake wa kwanza kazini, Daktari Kituku, mkuu wake wa utafiti, alimteremsha kwenye gari la utafiti mbele ya wenzake. "Ndovu hawamngojei mtu aliyevaa hivi," alimwambia. Baadaye picha za ndovu alizohangaikia Saadiya juani zilitoka kwenye makala ya Kituku, na jina la Saadiya halikuwamo.

Hakulia. Alilifukia moyoni kama kaa chini ya jivu.

Alipokuwa daktari naye, alianzisha utafiti wake Mbololo, na humo hakumwacha mtu nje: akina mama waokota kuni, wachungaji, hata Sylus, kiziwi asemaye kwa mikono. Wote walikaa pamoja kuamua nani aruhusiwe kuchunguza ndovu mashambani mwao. Saadiya aliuamini utaratibu huo kwa dhati. Lakini alijua pia kwamba siku moja Kituku angeihitaji ruhusa hiyo.

Akaja kweli, kwa kuwa wafadhili hawakutaka tena utafiti usio na wanakijiji. Akasimama ukumbini mwa kanisa, akatabasamu. "Saadiya ni mwanafunzi wangu. Atawaeleza."

"Hapa kila mtu hujisemea mwenyewe," Saadiya akajibu.

Mwenyekiti alikuwa Elsie, mkulima ambaye ndovu walimlia mahindi yote. Akamgeukia Saadiya, akauliza, "Daktari, unamfahamu huyu?"

Saadiya akasimulia yote, polepole, bila kupandisha sauti. Kituku akainamia viatu vyake. Sylus akauliza kwa mikono, dadake akatafsiri: "Ni kweli?"

"Ilikuwa zamani," Kituku akasema.

Mikono ya kumkataa ikainuka ukumbi mzima.

Nje, Kituku akamfuata Saadiya. "Si wewe unayehubiri kwamba hakuna wa kuachwa nje?"

"Wewe umesikilizwa. Mimi uliniteremsha kabla sijafungua mdomo."

Gari la Kituku lilipoondoka, Saadiya aliliangalia mpaka vumbi likatulia, roho yake nyeupe.

Elsie akaja kando yake. "Leo umetutumia, mwanangu. Mbona hukutuambia mapema?"

"Nilitaka ayasikie mbele za watu, mama."

"Basi mkutano ujao hutapiga kura."

Saadiya akakubali. Aliona ni haki. Ila kujuta, hakujuta.