Databesi Iliyonyamaza

Ansbert ni kaka yangu, tumbo moja, na mie ndiye niliyempeleka kwa Bi Bahiya. Bi Bahiya anakodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli pale Kinondoni, nami nakaa kwenye meza yake ya kupokea oda. Nilimwambia, "Bibi, nina kaka kasoma kompyuta, atakupangia oda zisichanganyikane." Nilisema kwa kujidai. Kwetu, mie niliishia la saba ili yeye aendelee.

Alikuja na databesi mbili, programu za kutunza kumbukumbu za oda, PostgreSQL na MariaDB. Zote za bure, alituambia, na yeyote anaruhusiwa kuzifungua aone zilivyotengenezwa ndani. Akaweka na DBeaver, programu ya kuzitazama zote mbili kwenye kioo kimoja. "Auleria aingize oda zilezile kote kuwili," alisema, akinionyesha mie. "Tutaona ipi inatufaa."

Mteja alitambulika kwa namba yake ya simu. Ndivyo Ansbert alivyopanga.

Akaja Mazin wa Tandale. Mtaani kwao kukiwa na harusi au msiba, ni yeye anayetumwa. Safari hii shughuli ilikuwa yake: hitma ya arobaini ya mama yake, Ijumaa baada ya swala. Nikaiandika, zote mbili zikapokea. Kesho yake akapiga simu tena. Jirani yake anaozesha binti Jumapili, anataka viti na turubai. "Andika jina langu na namba yangu ileile, sista. Mwenye harusi hata simu hapokei."

Nikaandika. PostgreSQL ikakataa, ikatoa maneno mekundu ya Kiingereza. Bi Bahiya alikuwa nyuma yangu.

"Mbona inamgombeza mteja wangu?"

Ansbert akacheka kidogo, ila uso ulimshuka. "Hii ina ukali wa mwalimu wa zamu, Bibi. Tazama hii nyingine."

MariaDB ilipokea, kimya. Alikuwa ameiagiza kwamba namba ikijirudia, iondoe taarifa ya zamani iweke mpya.

"Basi tubaki na mpole," alisema Bi Bahiya. Nami nikafurahi. Yale maneno mekundu yalikuwa yananifanya nijione mjinga.

Ijumaa asubuhi nikafungua kioo nione viti vinakwenda wapi. Mazin hakuwepo kwenye orodha ya Ijumaa. Alikuwepo Jumapili tu. Nilikumbuka hitma, nikajiambia labda wameahirisha. Ningeweza kumpigia. Lakini nani mie wa kuisahihisha kompyuta ya Ansbert?

Baada ya swala simu ya Bi Bahiya ikaita. Sauti ya Mazin ilikuwa ndogo. "Shikamoo Bibi. Wazee wameshafika. Wamesimama uani."

Tulipakia viti kwenye kigari cha kirikuu, Ansbert akabeba na wapakiaji mpaka shati likamganda mgongoni.

Tandale tulikuta dua inamalizika. Mzee mmoja alikuwa ameegemea ukuta, mwingine kashikwa mkono na mjukuu wake. Hakuna aliyetutazama vibaya. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Mazin alitoka na kanzu yake. Ansbert akawahi. "Kaka, tusamehe, ni hii MariaDB..."

"Ansbert," Bi Bahiya alimkata. "Nani aliiambia ifute?"

Kaka yangu akajifuta jasho. "Mie, Bibi."

"Basi muache huyo Maria."

Mazin nusura atabasamu. "Vishusheni tu, braza. Vitangojea harusi ya jirani."

Wazee waliaga wakaondoka. Tulipomaliza kushusha tukaletewa sinia la pilau. "Kaeni," Mazin alisema. "Viti si hivyo hapo?" Alisema kwa wema kabisa. Ansbert alikaa ukingoni mwa kiti kama cha kuazima. Bi Bahiya hakugusa kiti, alikwenda kukaa mkekani na kina mama. Mie nilibaki nimesimama, najifanya nafunga kanga.

"Ile kali umeifuta?" Bi Bahiya aliuliza kutoka mkekani.

"Ipo, Bibi. Lakini hata yenyewe isingetosha. Ingekataa tu kila tukiandika. Nilipanga mtu mmoja, shughuli moja."

"Mtu mmoja, shughuli moja." Aliwatazama wale kina mama, nao wakatazama chini kwa kumstahi mgeni. "Mwanangu, wewe umekulia wapi?"

Tumekulia mtaa kama ule ule. Baba yetu alikuwa hivyohivyo, watu wote wakimtuma yeye.

"Kila shughuli nitaipa namba yake," Ansbert alisema taratibu. "Na nitarudisha ile inayokataa. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, Auleria ayasome."

Nikafungua kanga, nikaifunga tena.

Mazin akarudi na birika na beseni. Mfiwa mwenyewe ndiye aliyekuja kutunawisha. Ansbert akanyoosha mikono, uso kaelekeza chini, maji yakammwagikia mpaka kwenye viatu na bado hakuirudisha mikono. Birika likasogea kwangu.

"Nawa, sista," Mazin alisema. "Chakula kinapoa."