Waliokaa Nyuma ya Mikidadi

Nikimsikia mtu anaringa kwamba yeye ni mwana wa Chama cha Jembe, naona kichefuchefu. Kanzu imepigwa pasi, kifuani utepe mwekundu, na jembe lenyewe hajalishika tangu azaliwe. Chama kile nilikianzisha mimi, Mwanaheri, pamoja na Yuliana wa misheni, huku juu mlimani, miguu mitupu. Kanzu hatukuwa nazo. Tulikuwa na hasira tu, na ya kwangu bado ninayo.

Ilikuwa mara baada ya vita vya Maji Maji. Mdachi alikuwa amerudi na nguvu zake zote, na akida wake alipanda mlimani kutaja majina ya watu wa kwenda kuchimba barabara. Aliyetajwa alipimiwa kipande chake cha barabara kwa kamba, na haruhusiwi kurudi mpaka akimalize. Mtu mmoja alikaa huko miezi miwili, mitatu, maharage yake yakaozea shambani na watoto wakala mizizi. Basi tukaweka sheria, moja tu: akiitwa mmoja, tunakwenda wote. Watu arobaini na majembe arobaini, kipande cha miezi miwili tunakimaliza kwa siku mbili. Msimamizi alituangalia kwa chuki, lakini afanye nini, kamba imekwisha. Waislamu tulikuwamo, watu wa misheni walikuwamo, na wanaotambikia mizimu ya kwao walikuwamo. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Jioni tukirudi tulipiga ngoma njia nzima, na chama kikajulikana kwa ngoma yake.

Sasa nije kwenye upumbavu wangu, maana siufichi. Sikukuu moja tulishuka mjini Morogoro kushindana ngoma na chama cha watu wa pwani. Pale mshindi ni mwenye safu ndefu ya wachezaji, basi. Walitushinda. Wakatuzomea, wakatuita washenzi wa mlimani, wakamwiga Yuliana jinsi anavyotembea. Iliniuma mpaka nikakosa usingizi. Mwaka uleule gari moshi lilikuwa limefika, na mji umejaa makarani, watu wa stesheni, wenye maduka na wake za askari. Mikidadi, karani wa boma, kijana mwenye maneno matamu, akanijia akaomba aingie chamani yeye na wenzake.

Ndugu yangu Pazi alikataa. Pazi ni wa tumbo moja na mimi, mdogo wangu, na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo wanangu watano walikuwa wa kwake kuliko wa baba yao. Yeye ndiye aliyewagawia mashamba, yeye ndiye aliyewaoza.

"Dada," aliniambia, "hawa watu wa mjini akida hawaiti kuchimba. Sheria yetu wataijulia wapi?"

Nikamwambia anyamaze, ana wivu. Mwaka uliofuata tulishinda sikukuu, safu yetu ikazunguka kiwanja kizima. Nilicheza mpaka sauti ikanikauka. Pazi alikuwa ameketi pembeni, wala hakunicheka.

Mambo hayakuharibika siku moja. Mkutano ukahamishiwa mjini, ati kwetu kuna utelezi. Tukaambiwa tuvae kanzu. Mikidadi akachaguliwa mkuu, na mwingine akaitwa Kapteni, kapteni wa nini sijui. Wimbo wetu wa kumtukana akida ukaachwa, kwa sababu akida naye alikuwa amejiunga na anaketi kitini. Barabarani, mara ya kwanza watu wa mjini walituma udhuru. Mara ya pili walituma sukari. Mara ya tatu hawakutuma kitu, na sisi wa mlimani tukaenda wenyewe tukinung'unika. Yuliana alisema tuvumilie, chama kimekua. Nami nikavumilia, mjinga mimi.

Kisha likatajwa jina la Pazi. Barabara ya Kisaki.

Pazi alikuwa na kifua kibovu. Kipupwe kile alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Hata hivyo sikuogopa, naapa. Nilituma habari mjini kwamba chama kijiandae, tunashuka Kisaki. Jibu lilikuja na tarishi wa boma. Chama sasa kina mapatano na boma: hakisumbuliwi tena, bali kinatoa chenyewe watu wachache wa kuchimba kwa niaba ya wote, na wengine wanakaa kwa amani. Kumbe akida alipanda kusoma majina tu. Orodha iliandikwa na Mikidadi, kwa mkono wake.

Nikashuka. Nilimkuta barazani kwake, akasimama akanipa shikamoo vizuri sana, akaniletea kiti.

"Sikitaki kiti chako," nikamwambia. "Mtoe Pazi."

"Mama, nikimtoa Pazi lazima niandike mwingine. Nimwandike nani?"

"Usiandike mtu. Twende wote."

Akacheka kwa adabu. "Mama yangu, wakati ule mlikuwa arobaini. Leo tuna mwenye duka, tuna fundi wa reli, tuna bwana akida. Hao nitawaambia wakashike majembe?"

"Ndiyo. Kinaitwa Chama cha Jembe."

Akaniambia kama sikuridhika, mkutano upo, nikagombee. Nikasema nitagombea.

Kwetu uchaguzi ni wa kukaa. Wagombeaji wawili wanaketi chini, wamewapa watu migongo, na kila mwanachama anakaa nyuma ya anayemtaka. Mgombeaji haruhusiwi kugeuka mpaka wote wamekaa, ili asimtishe mtu kwa macho. Nilikuwa nimeshawahesabu. Sisi wa mlimani tulikuwa arobaini na wawili, wao wa mjini thelathini na nane. Wengine tulikuwa tumelala njiani Bigwa ili tusichelewe; Pazi tulimwacha nyumbani na kikohozi chake. Nikaketi na moyo mweupe, Mikidadi kaketi kando yangu, ananukia marashi. Nyuma yangu nikasikia nyayo, watu wanakohoa, nguo zinakunjwa. Nikajisemea, Pazi haendi tena Kisaki.

Tukaambiwa tugeuke.

Nyuma yangu walikuwa tisa. Nilidhani wengine hawajakaa bado. Nikaangalia upande wa pili nikawaona watu wangu wa mlimani, wameinamisha vichwa, safu yao imefika mpaka zizini. Mbele kabisa, nyuma ya mgongo wa Mikidadi, ameketi Yuliana.

Nilimwendea. Nilitaka kumzaba kofi mbele ya watu.

"Mwanangu Gabrieli hajaandikwa, Mwanaheri," alisema bila kuinua macho. "Mikidadi ameniahidi hataandikwa. Nifanyeje?"

"Pazi ameandikwa."

"Najua."

Wale wengine nao, kila mmoja alikuwa na mtu wake ambaye hajaandikwa. Mikidadi alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aliiahidi hilohilo.

Tulikwenda Kisaki, Pazi na mimi na wale tisa. Kamba tuliyopimiwa ilikuwa ya chama kizima, na majembe yalikuwa kumi na moja. Pazi alichimba majuma matatu. La nne alikuwa anachimba akiwa amepiga magoti, nami nachimba kipande chake na changu, nikimtukana Mikidadi kwa kila pigo la jembe, na Yuliana, na nafsi yangu. Siku moja mchana alilala kivulini, nikadhani amepumzika. Tulimzika palepale kando ya barabara, mbali na makaburi ya ukoo wetu. Msimamizi alitutaka turudi kazini kabla jua halijatua. Chama kilituma salamu za rambirambi, zimeandikwa kwa wino.

Mvua mbili zikapita. Sikwenda mjini, sikwenda ngomani, na nikimwona Yuliana njiani nilikatisha shambani kwa watu. Kisha asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa yeye, amesimama uani, amekonda. Gabrieli ameandikwa. Kutengeneza reli, upande wa Mikese. Mikidadi amemwambia ni zamu yake, na wale wote waliokaa naye siku ile hakuna hata mmoja aliyemfungulia mlango.

"Sina uso wa kukuomba," alisema.

"Huna kweli," nikamjibu.

Nilimwacha amesimama pale pale. Nilimwambia yote, jinsi Pazi alivyopiga magoti, jinsi udongo ulivyokuwa mgumu tulipomchimbia. Sikumpunguzia neno. Alilia na mimi sikumbembeleza. Sikumsamehe siku ile, na leo unaponiuliza bado sijamsamehe, wala sidhani kama nitakufa nimemsamehe.

Nilipomaliza kumtukana niliingia ndani nikachukua jembe, nikampitia kila mmoja wa wale tisa. Tukashuka mlima kwenda Mikese, Yuliana anatufuata nyuma, na sikumsemesha njia nzima.