Anavyotembea Clifford

Tangu asubuhi Beryl Hoyle alikuwa ameshachemsha maji ya chai mara tatu, na hajanywa hata kikombe kimoja. Anazunguka jikoni, simu sikioni, na mbwa wake Pickle anamfuata kwa miguu mitatu. Mguu wa nyuma kaukunja kama aliyekanyaga kaa la moto. Mshipa wa goti umekatika. Daktari kasema apasuliwe wiki hii, la sivyo atabaki kilema. Pauni elfu nne. Pensheni ya Beryl ingesikia hesabu hiyo, ingezimia.

"Lakini nina bima!"

"Unayo, mama," alisema bwana wa bima, sauti laini kama siagi. "Ila tatizo hili alikuja nalo. Siku kumi na nne za mwanzo ni za kungojea, na chochote kilichoonekana humo hatulipi. Siku ya tisa ulimpeleka kuchanjwa. Daktari kaandika hapa: 'Mwenye mbwa asema mbwa huyumba akitembea.'"

Beryl akasimama ghafla, Pickle akamgonga kisiginoni. Siku ya tisa! Alikuwa amesema, "Huyu anatembea kama Clifford akitoka baa." Clifford ni marehemu mumewe. Watu wote pale walicheka, isipokuwa yule daktari kijana, Prosser, aliyekuwa na wiki moja tu kazini. Yeye alikuwa anaandika.

"Ulikuwa mzaha, mwanangu. Nilikuwa namtania mume wangu."

"Mumeo naye alikuwa na shida ya goti?"

"Shida yake ilikuwa bia!"

"Tuletee barua ya daktari, mama."

Akambeba Pickle kwapani, akatoka mbio. Jirani yake Noreen alikuwa uani anaanika nguo.

"Nilikwambia, shoga, mdomo wako utakuponza. Hata siku ya mazishi uliwaambia wabeba jeneza wasimtikise Clifford, atamwagika."

"Walicheka."

"Walicheka, ndiyo. Nusura wamwangushe!"

Kwa daktari, Beryl alikaa, akasimama, akasoma tangazo la minyoo mara mbili, akakaa tena. Vipi kama mzaha wake mwenyewe ndio utakaomlemaza mbwa wa watu? Alipoitwa hakusubiri hata salamu.

"Uliandika nini wewe?"

Prosser akaiva masikio. "Niliandika ulichosema, Bi Hoyle."

"Mimi nilisema anayumba? Nilisema anatembea kama Clifford!"

"Nilidhani Clifford ni mbwa wako wa zamani."

Prosser akafungua faili la siku ile, akashusha kidole mstari kwa mstari, na mwisho kabisa, chini ya chanjo na uzito, akakuta maneno yake mwenyewe: *Miguu yote nimeikunja na kuinyoosha. Mizima.*

"Mstari huu hawakuusoma," alisema.

"Basi waandikie. Sasa hivi, nakuangalia."

Akaandika. Beryl akangoja siku mbili, na siku hizo mbili zilikuwa ndefu kuliko zile kumi na nne. Alifagia palipofagiliwa. Simu ilipolia aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Tumesoma barua, mama. Tutalipa," alisema yule yule wa sauti ya siagi. Akakohoa kidogo. "Na pole kwa Clifford."

Pickle akapasuliwa Alhamisi. Wiki sita baadaye aliingia tena kwa daktari, mguu umenyolewa kama kuku aliyenyonyolewa, ila miguu yote minne iko chini.

"Haya, anatembeaje?" aliuliza Prosser, vidole juu ya kompyuta.

Beryl akavitazama vile vidole. Ulimi ukamwasha. "Vizuri."

"Basi?"

"Basi."

Prosser akaisukuma kompyuta pembeni, akatia mikono yote miwili mifukoni.

"Sema, Bi Hoyle. Siandiki."

"Anatembea kama Clifford," Beryl alisema, "akienda baa."