Fundi Pindo na Neno Teki

Fundi Pindo alikuwa na maneno saba ya Kiingereza, na aliloliamini zaidi lilikuwa "teki". Maana yake chukua, basi. Kwa hiyo mteja mgeni, mama asiyejua Kiswahili hata cha salamu, alipoweka suruali mezani akasema, "Teki ap," fundi hakubabaika. Akaichukua suruali, akapanda nayo ngazi mpaka ghorofani, kwenye saluni ya mkewe.

"Baba watoto, suruali ya nani hiyo?" mkewe akauliza, kitana mkononi.

"Ya mteja. Kasema ipelekwe juu."

"Juu kufanya nini?"

"Mimi ni fundi, si mpelelezi!"

Akarudi chini mikono mitupu. Mteja akakodoa macho. Akatoa koti, akasema polepole, kama anayemlisha mtoto uji, "Teki in." Fundi akaliingiza koti chumba cha ndani, akalilaza vizuri juu ya majora ya vitambaa.

Ikabidi mkewe ateremke na ile suruali. Mteja akaipokea, akapiga goti, akakunja miguu ya suruali kwa pini. Koti nalo lilipoletwa, akalifinya kiunoni.

"Kupunguza! Na kubana!" fundi akapiga kelele kwa furaha. "Si angesema tangu mwanzo?"

Mteja akashusha pumzi. Akiwa mlangoni akasema kwa upole, kama wa kumwambia asiharakishe, "Teki yo taim."

Hapo fundi alielewa kila kitu: chukua saa. Akaibandua saa ya ukutani, akamkimbilia barabarani, akampakatisha. Mama wa watu akashika kifua, machozi yakamlengalenga. Alikuwa hajawahi kupewa zawadi na fundi nguo.

"Umegawa saa yangu?" mkewe akauliza.

"Aliiomba."

Siku ya kuchukua nguo, suruali ilimkaa mteja sawasawa, koti likamkaa zaidi. Naye akaleta zawadi ya kurudisha fadhila: kamusi nene kama tofali. Mke akafungua penye "teki", akakuta maana zimejaza kurasa mbili, maandishi madogo kama sisimizi.

"Sikiliza hii," akasema. "'Teki of': kuvua nguo. Pia, ndege kuruka."

Fundi akaacha kuzungusha cherehani. Akafikiri sana.

"Sasa mke wangu, rubani akitangaza hivyo, abiria wanafanyaje?"